Bibi Aliyetaka Kuona Mwisho wa Picha

Wallahi jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, baada ya alasiri, hapa mtaani kwetu Bofu. Sikusimuliwa na mtu, wala sikuwa na homa. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize kwanza.

Nina banda la video. Utaniuliza, nani siku hizi huenda kutazama sidii na kila mtu ana sinema kwenye simu? Walikuwa wamebaki wachache, na hao niliwashika kwa picha moja tu ya Kihindi. Bibi arusi amesimama na shada la maua, mbele yake wanaume wawili, tajiri na mchunga ng'ombe. Anainua mikono amvike yule anayemchagua. Hapo hapo picha hukwama. Sidii ilikuwa na mkwaruzo mrefu kama kovu. Niliisugua kwa dawa ya meno, nikaifuta kwa leso mpya ya mke wangu, akaninunia siku mbili, wapi! Watu walibishana miezi mitatu atavikwa nani, mwisho wakaanza kunichoka. Nikaapa mbele yao kwamba Ijumaa ikikwama tena, nafunga banda.

Ijumaa wakaja kumi na mmoja. Alikuwepo Mwalimu Bakari, mstaafu, na mkwewe Omari, fundi wa cherehani. Alikuwepo Mama Riziki wa mahamri. Wa kumi na mbili, wa mwisho kuingia, alikuwa bibi mmoja nisiyemjua, ananukia udi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri tu, akaenda kukaa ncha ya benchi la mbele, ile isiyo na mguu. Kila akaaye pale huanguka. Benchi halikulia hata kidogo. Mimi nikadhani Omari amelitengeneza.

Picha ikaenda mpaka harusini. Bibi arusi akainua mikono, na papo hapo feni ikasimama. Mashine ya kusaga ya jirani ikanyamaza. Stima imekatika mtaa mzima, na picha inaendelea.

Wewe ungefanya nini? Mimi niling'oa waya ukutani. Picha inaendelea. Nikachukua bisibisi, nikaifungua deki, nikaitoa sidii. Nikasimama mbele ya televisheni nikiwa nimeishika juu, watu waone wenyewe kwamba ndani hamna kitu.

Nilitaraji wakimbie. Mama Riziki akaniambia niondoke hapo, nawazibia. Mwalimu Bakari, namshukuru, alianza kuomba dua ya kukinga shari kwa sauti ya chini, lakini macho hayakubanduka kwenye picha. Na kila alipovuta pumzi, yule bibi wa udi aliitikia, "Amin."

Nikamwambia kwa adabu, "Mama, stima hakuna."

"Kwani nimekuuliza stima, mwanangu?" akasema. "Kaa kitako."

Kukaa nilishindwa. Nikabaki nimewakabili wao, picha iko mgongoni. Niliona nyuso zao zikimulikwa. Nikaona wote wakishusha pumzi kwa pamoja, na Mama Riziki akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Kisha giza. Nilipofungua mlango, uliokuwa ubavuni mwangu muda wote, benchi la mbele lilikuwa tupu. Hakuna aliyepita.

Nikawauliza, haya, amemvika nani? Mama Riziki akasema mchunga ng'ombe. Omari akasema tajiri, na tajiri akalia. Mwalimu Bakari akasema wote ni waongo, msichana alimvika mama yake shada, akarudi shuleni. Watu kumi na mmoja, mwisho kumi na mmoja, na kila mmoja yuko tayari kushika msahafu.

Tangu siku hiyo Omari na mkwewe hawasalimiani mpaka mtu awapatanishe. Banda hujaa, lakini watu huja kubishana tu. Nikiweka picha nyingine wananiambia nipunguze sauti. Sidii ile sasa ni laini kama kioo, haina mkwaruzo wala picha. Mafundi wawili wameniapia haijawahi kurekodiwa kitu.

Na mimi, mwenye banda, mwenye deki, ndiye pekee niliyeupa mwisho mgongo. Usiku nalala chali nikiwaza: amemvika nani?

Basi nakuusia, ndugu yangu. Siku ukiona picha inaendelea na stima hakuna, usishike bisibisi. Geuka, utazame mpaka iishe. Kuogopa utaogopa ukifika nyumbani.