Mgonga Mianzi

Perla na rafiki zake walipata nafasi mbele kabisa, karibu na mzee mgonga mianzi. Alichuchumaa vilevile kama kila sikukuu ya parokia, akiigonga mianzi miwili mirefu chini mara mbili na kuibana pamoja mara moja, huku mabinti wakirukaruka katikati, peku, kama ndege wanaokwepa mtego. Zamani hakuwa na habari na nyuso za watu. Mabinti wa mji mzima aliwajua kwa miguu: huyu kidole kimepinda, yule ana kovu la jembe. Leo alikuwa amefumba macho.

“Jamani, mzee kalala!” Dado akapaza sauti. “Atamvunja mtu mguu huyu!”

Wenzake wakaangua kicheko. Perla hakucheka. Mwaka juzi, baada ya dhoruba, maiti walilazwa uwanjani hapahapa chini ya mikeka, nyuso hazitambuliki, na aliyeitwa ni mzee huyu. Alipita akiitazama miguu iliyochomoza, akataja majina kumi na moja kwa sauti ileile ya kuhesabia mapigo, na hakukosea hata moja. La mwisho lilikuwa la dada yake Perla.

Ngoma ilipokwisha, mchezaji mmoja mgeni alimwendea mzee, akainama, akauchukua mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji lake mwenyewe kwa heshima.

“Shikamoo, babu. Nimecheza vizuri?”

Mzee hakufumbua macho.

“Nenda kavae viatu, mjukuu wangu,” alisema. “Mimi sitaki kukujua.”