Reli ya Komunyo Ilivyohamia Zizini kwa Mama

Padri wetu alipiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe akiwa na kanzu nyeupe, na aliyemwamuru hakuwa askofu.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maziwa. Wacha nisimulie polepole, kwa sababu nikienda mbio mtasema nimelewa.

Mimi naitwa Koome, fundi wa mbao hapa Kanyakine. Mwaka wa 2006 nilikuwa nimemchumbia Nelius, mwalimu kutoka Majimbo kule Embu, ambaye pia alipiga kinanda kwenye kwaya ya vijana. Tangazo la kwanza la ndoa yetu lilikuwa limesomwa kanisani. Watu wake walikuwa wameshakodi basi.

Shida ilikuwa mama yangu.

Mama Ciakuthii ni Mkatoliki wa enzi zile za mapadri wa ndevu ndefu. Komunyo kwake ni kwa ulimi, magoti chini, kitambaa kichwani. Kinanda cha Nelius alikiita "hiyo disko".

Halafu tukaletewa Padri Runji, kijana wa Embu, viatu vimechongoka mbele. Alisema kanisa lazima lipumue. Akaweka vigae, akaweka spika, kisha akaniita niing'oe ile reli ya mbao mbele ya altare, ile watu walipigia magoti wakipokea komunyo.

"Siku hizi tunapokea tukiwa tumesimama," aliniambia. "Hizo mbao beba, utajua utafanyia nini."

Mtu anayengoja kufungishwa ndoa habishani na padri. Nikang'oa.

Sasa, ng'ombe wa mama alikuwa amevunja zizi kwa mateke. Aliitwa Jubilei kwa sababu alizaliwa mwaka 2000, na alikuwa na kiburi cha milenia nzima. Nikaichukua ile reli, mti wa muuru usiooza leo wala kesho, nikaifunga mbele ya hori. Ikaenea kama iliyopimwa. Nikajipongeza sana.

Asubuhi nikasikia kimya. Si kawaida, maana mama akikamua humtukana Jubilei mwanzo hadi mwisho. Nikaenda kuangalia.

Mama alikuwa amepiga magoti pale pale kwenye mavi, ameshika reli, analia.

"Koome, unajua hii jicho ya mbao?" Akanionyesha fundo moja jeusi. "Hapa ndio nilipokea komunyo ya kwanza. Hapa ndio nilipiga magoti siku tulizika baba yako. Na wewe unaifungia ng'ombe."

Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nitaitoa, mami."

"Usiguse. Kama imefukuzwa kanisani, itakaa kwangu."

Basi kimeumana.

Kesho yake alikuja rafiki yake Cicily. Halafu Marcella. Kabla wiki iishe zizi letu lilikuwa na safu ya akina mama wenye leso na rozari, wamepiga magoti kando ya reli kila asubuhi wakati wa kukamua, wanaimba litania ya Bikira Maria kwa Kilatini.

Jubilei alikuwa upande wa pili akitafuna majani ya nepia. Mwanzoni alishtuka. Baadaye akazoea, na akina mama wakijibu "ora pro nobis", yaani utuombee, yeye anaunga mkono kwa mlio mmoja mzito. Hakupoteza zamu.

Maziwa yakaongezeka. Mama alisema ni neema. Mimi nadhani ni kwa sababu hakuna aliyekuwa akimtukana tena.

Kati yao alikuwemo mgeni, mama mrefu mwenye sauti ya kengele, jina lake Wambeti. Alisema amekuja kumtembelea mwanawe anayefanya kazi huku. Litania yote aliijua kwa kichwa, na Cicily akikosea alimrudisha mwanzo bila huruma.

Lakini mnajua vile habari hutembea Kanyakine. Ilipomfikia padri, ilikuwa inasema Ciakuthii ameanzisha dhehebu, wanaabudu ng'ombe, na ng'ombe anajua Kilatini.

Padri Runji akaniita.

"Koome, tangazo la pili silisomi mpaka mama yako afunge hiyo dini ya zizi."

Nikakimbia kwa mama.

"Reli irudi, nitafunga," akasema.

"Mami, mambo ilibadilika. Padri anasema Mtaguso wa Vatikano uliamua tangu kitambo."

"Huo Mtaguso mimi sikuitwa kikao."

Nikaenda kwa Nelius nikitegemea huruma. Wapi.

"Koome, basi imekodiwa. Baba ameshona suti. Unataka nimwambie harusi imezuiwa na ng'ombe?"

Nilikonda. Nilimpenda Nelius, na mama yangu nilimpenda, na katikati yao kulikuwa na mbao.

Jumamosi asubuhi nikiwa nakamua, maana mama sasa alikuwa kwenye safu ya sala, nikasikia pikipiki. Padri mwenyewe, kanzu nyeupe inang'aa, nyuma yake Mzee Muthamia, mwenyekiti wa parokia, akiwa na sura ya mtu aliyekuja kutimua mapepo.

"Nyinyi wamama," padri akaanza, "nani aliwapa ruhusa ya hii maneno?"

Hakuna aliyegeuka. Litania ilikuwa katikati.

Kisha, kutoka mwisho wa safu, sauti ya kengele ikasema bila kugeuka, "Runji."

Padri akachungulia mwisho wa safu.

"Mami? Si ulisema unaenda kunyoosha miguu?"

"Nilinyoosha. Sasa nimeikunja."

Mimi ndoo karibu inianguke. Kumbe huyo mwanawe anayefanya kazi huku ndiye huyu.

"Mami, lakini Mtaguso..."

"Mtaguso haukusema ung'oe kitu. Mimi ndio nilikusomesha, unafikiri sijui kusoma? Piga magoti, unatukatiza."

"Niko na kanzu."

"Na nani alikufulia hiyo kanzu jana?"

Padri Runji akapiga magoti. Yakazama.

Litania ikaendelea. Mwanzoni alijibu kwa aibu, chinichini. Baadaye nikamsikia anajibu mbele ya wote, macho amefunga, kila neno mahali pake. Jubilei akanyoosha ulimi akamlamba kutoka shingoni hadi utosini, naye hakusogea. Mzee Muthamia alishavua kofia.

Alipoinuka, magoti yalikuwa ya kijani.

"Hii nilijifunza nikiwa bado nabebwa mgongoni," alituambia, na sauti yake haikuwa ile ya spika. "Koome, rudisha reli. Anayetaka kusimama asimame, anayetaka kupiga magoti apige. Lakini kinanda kitabaki."

"Kwa sauti ya chini," mama akasema.

"Kwa sauti ya chini, mama."

Siku ya harusi reli ilikuwa mahali pake, ina alama za meno upande mmoja. Mama mwenyewe alimshika Nelius mkono akampeleka mpaka kwenye lile fundo jeusi. "Wewe piga hapa," akamwambia. Bibi harusi wangu akalia, nami nikajifanya nina vumbi jichoni.

Baada ya misa tukampelekea Bikira Maria maua, na akina mama wakaanza litania yao.

"Ora pro nobis."

Kutoka mlangoni mlio mzito ukajibu.

Nilikuwa nimeng'oa reli nikasahau kuziba zizi. Jubilei alisimama mlangoni, kamba shingoni, anangoja zamu yake. Wakwe kutoka Embu walikuwa wamesimama juu ya viti.

Padri Runji alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi.

"Mwacheni," akasema. "Huyo hajakosa sala hata siku moja."

Funzo nililotoka nalo ni hili: kabla hujang'oa kitu cha zamani, uliza kwanza ni nani amekiegemea. Na ukishauliza, hesabu na ng'ombe.