Bomba Lisilotoa Moshi

Aliyeniletea habari ni dereva wa pikipiki ambaye hununua vipuri duka la jirani yangu hapa Kasongo. Alikuwa ametoka Kabambare, matope mpaka magotini, akasimama mbele ya baraza yangu bila kuzima injini na kusema, "Papa, ule fundi wa shodiyeri, mutu wa Wamaza, amekufa. Wamemuzika jana." Nikamuuliza amekufa kwa nini. "Kifua." Kifua gani? Kilianza lini? Nani alimtibu, na nani alikuwa karibu naye? Kijana akatikisa kichwa. "Papa, mutu amekufa, wamemuzika. Unatafuta nini tena?" Wasomaji wangu mnanijua. Mimi hata salamu nikiletewa huigeuza nyuma nione nani kaituma. Marehemu alikuwa mtu aliyevuta masizi karibu maisha yake yote ya kazi, lakini kifua chake nacho nilikitilia shaka mpaka kesho yake nilipopanda pikipiki kwenda matangani, kijijini kwao Wamaza. Wakati nafunga begi nilijua vizuri kwamba siendi kwa ajili ya kifua. Nilikuwa naenda kwa sababu niliwahi kumwandika katika safu hii.

Kwa wasiomkumbuka, ndiye aliyekuwa akitunza shodiyeri ya kile kinu cha mawese kilicho nje ya mji. Shodiyeri ni lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji mpaka yawe mvuke, na mvuke huo ndio unaoivisha chikichi kabla hazijakamuliwa. Ndani yake, kati ya moto na bomba la kutolea moshi, kuna vizuizi ambavyo watu wa kazi hiyo huviita shikani. Kazi ya shikani ni kuuchelewesha moshi wa moto usikimbilie nje moja kwa moja. Unapindishwa huku, unapandishwa kule, unashushwa tena, ili uache joto lake kwenye maji kabla ya kuruhusiwa kwenda zake. Katika shodiyeri ile shikani zilikuwa mabamba ya chuma yaliyopinda na kutoboka tangu siku nyingi, na hakuna aliyejali. Yeye alijali. Alimwomba mwenye kinu ruhusa ya kuyatoa mabamba mabovu, kuyakata yale yaliyokuwa na uzima, na kujenga vizuizi vingine kwa matofali ya udongo wa kichuguu, ambao hauogopi moto. Mwenye kinu akakubali kwa mdomo. Shahidi wa maneno hayo alikuwa mtu mmoja tu, mdogo wake fundi, wa baba mmoja na mama mmoja, aliyekuwa mchochea moto wa kinu hicho.

Kazi hiyo waliifanya wao wawili. Fundi alikuwa akiingia tumboni mwa shodiyeri kwa kile kimlango cha kuzolea majivu, miguu ikabaki nje, na mdogo wake akampokeza matofali. Mara ya kwanza waliziba mno. Moshi ukakosa njia, ukarudi mlangoni na kumtoa machozi mchochea moto mpaka akakimbilia kisimani. Wakabomoa, wakaacha nafasi ya kiganja kimoja chini ya kizuizi cha pili, na wakaweka kidirisha cha kufagilia masizi. Kisha fundi akalifunga jani la mgomba kwenye shingo la bomba la moshi. Zamani jani kama hilo lilisinyaa moto ukishakolea tu. Safari hii lilikaa mpaka adhuhuri likiwa bado na rangi yake, maana yake joto lilikuwa halitoroki tena. Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule nililiona jani kutoka barabarani, nikajiuliza ni dawa ya nani na inamtafuta nani.

Sasa lazima niwaambie desturi moja ya hapa kwetu, kwa sababu ndiyo iliyomuumiza. Akina mama wanaoleta chikichi kutoka vijiji vya kandokando hawapigi simu kuuliza kama kinu kinafanya kazi. Wanatazama angani. Wakiona moshi mweusi umesimama juu ya miti, wanajitwika mikungu na kushika njia. Wasipouona, wanabaki mashambani, kwani nani atembee na mzigo kichwani kwenda kwenye moto uliozimika? Na shikani mpya zilikuwa na kosa hilo moja: moshi ulikaa ndani muda wa kutosha ukamaliza kuungua. Kilichotoka bombani kilikuwa uzi mwembamba wa moshi usioonekana hata kutoka shule ya jirani. Shodiyeri haijawahi kuchemka vizuri namna ile, na kinu hakijawahi kukosa chikichi namna ile. Mikungu ikaoza vijijini, wakamuaji wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wakicheza karata. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Hawakusema kwamba pasipofuka moshi hapana moto, hayo tuliyaongeza sisi wenyewe.

Katika siku hizo hizo nilimwona fundi akisukuma baiskeli iliyobeba mabamba ya chuma, akielekea upande wa wafua vyuma. Nikaunganisha: chuma kimetoka, moshi umepotea, na jani limefungwa bombani. Nikarudi nyumbani, nikakaa mezani na kuandika. Sikumtaja jina, sijawahi kumtaja mtu jina humu na nilijiona muungwana kwa hilo. Niliandika kwamba inasemekana mtu fulani wa kinu fulani anauza matumbo ya shodiyeri vipande vipande, na kwamba wenye macho wameona alichokifunga kwenye bomba. Nikafunga kwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nakumbuka niliipenda sana safu hiyo.

Gazeti lilimfikia mwenye kinu kabla ya chai. Mbele ya wafanyakazi wote alimwita fundi na kumuuliza mabamba yako wapi. Fundi akasema yako kwa mfua chuma, yanakatwa. Akaulizwa nani alimruhusu. "Ni weye, patron." Patron akasema hakumbuki. Watu wote wakamgeukia mdogo wake, na mdogo wake akatazama chini. Fundi akafukuzwa palepale, vizuizi vya matofali vikabomolewa kwa nyundo, na kesho yake moshi mweusi ukasimama tena juu ya miti. Akina mama wakaja na mikungu yao wakiimba. Mji mzima ukasema, mnaona? Mwizi ametoka, moto umerudi. Mimi nilisema kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Miezi michache baadaye yule mdogo wake alinikuta sokoni, akanivuta kando ya wauza samaki wakavu. "Papa, shikani ya kaka ilikuwa muzuri," aliniambia. "Kuni ya leo ilikuwa inabakia ya kesho. Sasa tunachoma tu, tunachoma tu, mvuke inapanda watu wakishachoka. Mabamba yenyewe iko kwa mufua chuma mupaka sasa, hakuna mutu alienda kuyachukua." Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. "Niko na watoto, Papa. Kazi ndiyo ile moja." Nilikwenda kwa mfua chuma. Mabamba yalikuwepo kweli, yameegemezwa ukutani, mawili yamekwisha kukatwa kwa kipimo kilichochorwa kwa chaki. Niliyaangalia, nikarudi nyumbani, na wiki hiyo nikaandika kuhusu bei ya sabuni. Mnanisoma kila wiki, na hamkujua kwamba nilikuwa najificha nyuma ya sabuni.

Fundi nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Alikuwa amekwenda Lusangi kwanza, akitengeneza pampu za wachimbaji, kisha akahamia Kabambare kwa mtu mmoja anayepika sabuni. Nilikuwa huko kwenye harusi ya jamaa, nimevaa kanzu nyeupe, na nikapita mbele ya karakana bila kujua ni ya nani. Akatoka, mweusi kwa masizi mpaka kwenye kope, akaniamkia kwa heshima zote. Heshima ile ilinitisha kuliko matusi. Nikatafuta ndani yake kisu kilichofichwa, nisikione. "Papa, karibu," akasema. "Kuna shodiyeri ndogo hapa, nimeiwekea shikani. Ingiza tu kichwa, utaona." Nikamwambia kanzu itachafuka. Akacheka kidogo. "Haya, nitakuelezea hapa inje. Moshi iko sawa mugeni. Ukimufungulia mulango ya mbele na ya nyuma kwa mara moja, atapita tu. Hatakaa, hatakuachia hata habari." Nikatikisa kichwa nikijidai nimeelewa kila kitu, nikamtakia kazi njema. Njia nzima nilijiuliza alikuwa anataka nini kwangu. Nilidhani anataka niombe radhi, na nikakasirika kwamba anataka.

Msinielewe vibaya, shaka yetu watu wa Maniema haikuota yenyewe. Tumeona mashine zikiondoka vipande vipande, huku tukiambiwa zinakwenda kutengenezwa. Tumeona wageni wenye kofia za plastiki wakipima barabara kwa kamba mwaka hadi mwaka, na barabara iko palepale na mashimo yake. Mtu asiye na shaka hapa ataamka siku moja akute paa la nyumba yake limehama. Lakini nimeanza kuishuku shaka yenyewe, kwa sababu naona inachagua watu. Mkubwa anayepita na magari matano na honi hatumuulizi kitu. Tunaona vumbi, tunasema kazi inafanyika. Mwalimu anayepiga kelele darasani tunamsifu, yule anayefundisha kwa sauti ya chini tunauliza kama ana diploma. Mwenye kinu alikana ruhusa aliyoitoa mwenyewe, na sikumtilia shaka hata dakika moja, kwa kuwa alikuwa patron na alisema kwa hasira. Nilimtilia shaka mtu aliyekuwa amelala kwa tumbo ndani ya majivu.

Matangani Wamaza nilimkuta mwenye kinu amefika kabla yangu, amekaa kiti cha mbele. Alisimama akahutubia: marehemu alikuwa fundi wetu mpendwa, kinu hakitamsahau. Akaongeza kwamba fundi mwingine kutoka mbali amekwisha kukirudishia kinu shikani za marehemu, zilezile, matofali ya kichuguu na nafasi ya kiganja, na akina mama sasa hupigiwa kengele badala ya kungoja moshi. Kengele tu! Hakuna kati yetu aliyekuwa ameiwaza. Niliisikiliza hotuba hiyo nikihesabu uongo uliomo, mpaka nikakumbuka kwamba na mimi nimekuja na wangu. Mdogo wake marehemu hakuwa pamoja na ndugu wengine pale mbele. Alikuwa amekaa peke yake nyuma ya jiko, karibu na masufuria, na watu walipita kando yake bila kumsalimia.

Mjane aliniita. Ni mama mpole, sauti imekwisha kwa kulia. "Papa, ni weye wa gazeti?" Nikaitika. "Mume wangu alikuwa na ulizo moja kwako. Kule Kabambare aliona haya kukuuliza, ulikuwa umevaa kwa harusi. Uliandika inasemekana. Ni nani alisema?" Nikashika kikombe cha chai nilichopewa. Akaendelea taratibu, akionyesha upande wa jiko kwa kidevu. "Yeye alifikiri ni mudogo wake. Ni yeye tu alikuwa naye mule ndani, na ni yeye alibakia na kazi. Mupaka anakufa hakukula tena kwake. Mutoto wa mudogo wake akiugua, hakuenda. Juzi, pumzi ilipokuwa inamuisha, mudogo wake alisimama pa mulango, na yeye akageuza uso kwa ukuta. Sasa familia inataka kumufukuza hapa. Kama ni yeye, sema. Kama si yeye, sema pia." Na mimi, wasomaji wangu, nilimjibu mama yule kwamba mwandishi hataji aliyemwambia. Nilisema hivyo kwa uso mkavu, nikanywa chai yake, nikapanda pikipiki.

Nimekaa na jambo hilo siku tatu. Nilikuwa nikiwafundisha humu kwamba mtu mwerevu hashibi jibu la kwanza. Leo naongeza, na naongeza kwa aibu: mwenye shaka ana deni la kuuliza, na amuulize yuleyule anayemshuku, uso kwa uso, kabla hajamwambia mtu mwingine yeyote. Asipoweza, na ainyamazie. Shaka yangu nilimpa fundi aibebe, yeye akampa ndugu yake, na leo familia nzima inaila kwenye sahani ya matanga.

Kwa hiyo, mama, jibu lako ni hili, na naomba msomaji yeyote aliye Wamaza alisome kwa sauti mbele ya familia kabla matanga hayajaondolewa. Mdogo wake marehemu hakusema. Mfua chuma hakusema, na wala jirani hakusema. Niliona baiskeli, nikaona bomba lisilotoa moshi, nikakaa peke yangu mezani na kuandika inasemekana. Hakuna mtu aliyekuwa amesema kitu.