Bitana ya Januari

Mama wa Kijapani aliingia dukani kwetu Yeoville, Johannesburg, mchana mmoja wa Desemba, jua likiwa kali mpaka chuma cha cherehani yangu hakishikiki. Duka tunalichangia na msusi, mwenzangu kutoka Lubumbashi: yeye mbele na vioo vyake, mimi nyuma na vitambaa vyangu. Mgeni aliletwa na dada wa kanisani anayemsaidia kazi za nyumbani, ambaye alikuwa ameusifia mkono wangu wa sindano kupita kiasi. Sifa huwa sizikatai, lakini nilipoona kilichotoka kwenye mfuko nilitamani zingepunguzwa kidogo.

Ilikuwa kimono ya hariri, nzito, ya zambarau iliyofifia, na ndani ina kitambaa cha pili, bitana nyeupe, kuanzia kola hadi pindo. Yote imeshonwa kwa mkono. Niliigeuza nje ndani nikakuta vipande vilivyonyooka tu, hakuna mkato wa kiuno wala wa kwapa, na kitambaa cha ziada kimekunjwa badala ya kukatwa, ili siku moja imfae mtu mnene zaidi. Nilimpenda fundi aliyeishona bila kumjua.

“Toa bitana,” alisema yule mama. “Lakini iache kwenye mikono na kwenye pindo, ionekane kama bado ipo.” Tulikuwa tukizungumza Kiingereza, kila mtu na chake, na tulielewana.

Nikamwuliza ni kwa nini. Mimi sishoni nguo ya uongo kabla ya kujua anadanganywa nani.

Akakaa kwenye kiti cha wateja akaanza kueleza. Ujanani alikuwa geisha huko Kyoto, mmoja wa wanawake wanaosomea kucheza, kupiga muziki na kukaribisha wageni, na kufanya kazi hiyo maisha yao. Katika nyumba yao nguo ilifuata mwezi. Juni ikiingia, bitana inatoka, kwa wote siku moja, hata kama mvua imeleta baridi. Julai na Agosti, joto la kwao linapopamba moto, wanavaa hariri nyepesi inayopitisha mwanga, yenye picha za maji au za majani ambayo msimu wake bado. Lazima uutangulie msimu. Ukivaa ua ambalo limeshachanua bustanini, umechelewa. Oktoba bitana inarudi. Aliyekosea mwezi alihesabiwa kuwa hakufunzwa.

Baadaye akaolewa. Mumewe akapata kazi Johannesburg, akafia hapa, naye akabaki. Alikuwa akiwafundisha wasichana wawili ngoma za kwao, na kila Januari walionesha ukumbini, Wajapani wenzake wanaoijua kanuni hiyo wakiwa mbele. Januari ya kwao ni theluji, kwa hiyo Januari ya hapa alivaa bitana, miaka yote hiyo. Mwaka uliotangulia joto lilimwangusha jukwaani kabla ngoma haijaisha. Daktari akamkataza nguo nzito wakati wa joto.

“Nikianguka tena ndiyo basi, sitacheza tena,” alisema. “Na nisipocheza sijui nitakuwa nani.”

Msusi alikuwa amesimama na kitana mkononi, masikio yote kwetu. Akaniambia kwa Kiswahili chetu, “Eish, ule mama anatafuta kufa? Joto yote hii, na anavaa blanketi?”

Sikumtafsiria mgeni. Nilimwuliza tu kama hana ile nyepesi.

“Ninayo. Naivaa Julai.”

“Julai? Hapa?” Mimi nimekulia Lubumbashi, ambako Juni na Julai asubuhi watoto huenda shule wamejifunga masweta, na Johannesburg ni baridi kuliko huko. Akakiri kwamba huivaa nyumbani peke yake, kando ya hita, akitetemeka. Nilicheka, sikuweza kujizuia, na yeye akacheka kidogo nyuma ya mkono wake.

“Hiyo nyepesi inampoza anayeivaa?”

“Hapana.” Swali lilikaribia kumuudhi. Akasema chini yake kuna nguo nyingine, na juu yake kuna ule mshipi mpana, obi, unaozungushwa kiunoni. Mvaaji anasikia joto, ingawa si la kumwangusha mtu. Nguo ile huvaliwa kwa ajili ya mgeni anayekaribishwa. Mgeni akiiangalia, yeye ndiye anayepoa.

“Na wageni wako wa Januari watakuwa katika hali gani?”

Aliipapasa ile zambarau magotini pake.

“Nikiivaa nyepesi Januari,” alisema mwishowe, “nitakuwa nimekubali kwamba sirudi.”

Miaka yangu ya kwanza hapa sikununua kabati. Nguo zangu zilikaa sandukuni, na kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba mimi ni mpita njia. Nilijua uzito wa alichosema, na kilinichoma.

Nikamwambia bitana nitaitoa kama alivyotaka, kwa sababu kazi ni kazi, lakini na ile nyepesi ailete niikague mishono. Aliileta. Bega moja lilikuwa limeanza kuachia, nikalishona kwa uzi mwembamba kuliko wote niliokuwa nao. Akazichukua zote mbili, akainama kunishukuru, akaondoka bila kusema atavaa ipi.

Siku ya onyesho mimi na msusi tulipanda taksi mpaka kwenye ukumbi wa shule moja mbali na kwetu. Ndani palikuwa tanuri. Watu walijipepea kwa karatasi za ratiba. Wasichana wawili walitangulia kucheza, kwa hofu iliyoonekana, na baada yao mwalimu wao akatokea.

Alikuwa amevaa bluu ya usiku, nyepesi, na kila alipogeuka weupe wa nguo ya ndani ulionekana kwa mbali chini ya picha za nyasi ndefu. Mstari wa mbele walikaa wanawake wa Kijapani wa rika lake. Mmoja alimwinamia mwenzake sikioni. Nilikuwa tayari kumchukia yule mwanamke.

Mama hakuwatazama. Alicheza polepole, pepeo la mkono likifunguka na kufungika.

“Dada,” msusi alininong'oneza, “mi niko nasikia kabaridi.”

Nilimwambia anyamaze, lakini karatasi yangu nami nilikuwa nimeiweka chini. Alipopiga magoti, pale alipoangukia mwaka uliopita, nilishika kiti kwa mikono yote miwili. Aliinuka. Alicheza mpaka mwisho, akainama, na wale wa mstari wa mbele wakapiga makofi kama sisi wengine. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Tulimkuta nyuma ya jukwaa, jasho likimtiririka, wasichana wakimfungua ule mshipi. Mmoja alimwuliza kama wiki ijayo wanaanza ngoma ya maua kwenye theluji, ya Februari, kama kawaida. Alimjibu kwa Kiingereza, nadhani ili na sisi tusikie.

“Hapana. Tunaanza ya majani yanayopukutika. Hapa yataanguka karibuni tu, na hatutaki yatutangulie.”