Gambuti Chini ya Mwezi

Watoto wenzangu wa Karatina walikuwa na mama walionukia moshi na vitunguu vya sokoni. Wangu alinukia dawa za kusafishia picha, harufu kali kama ya siki, iliyomganda vidoleni hata baada ya kuoga. Alifanya kazi katika studio ya Bwana Mathenge, hatua chache kutoka sokoni. Yeye ndiye aliyepiga picha, akazisafisha katika chumba cha giza na kuzianika kwenye kamba. Bwana Mathenge aligonga muhuri. Kila picha iliyotoka pale ilibeba jina lake mgongoni, hata zile zilizopigwa akiwa amelala kwake Nyeri. Siku za soko wanawake walifika studio wakiwa wameshanawa miguu, viatu vimepakwa rangi, na kanuni ilikuwa moja tu: usimkate mtu miguu. Aliyelipia picha alitaka aonekane mzima, kutoka kitambaa cha kichwa hadi viatu. Namkumbuka mama mmoja aliyeirudisha yake akiwa amefura. "Hii ni nusu yangu," alisema. "Ile nusu ingine mmeweka wapi?" Mama yangu alimpiga nyingine bila ubishi, kwa sababu aliona yule mama ana haki.

Likizo ya Agosti nilipokuwa na miaka tisa, Bwana Mathenge alimtuma mama kupiga picha za wanafunzi wa mtihani waliobaki likizo katika shule moja mbali kupita Isiolo. Hakukuwa na mtu wa kuniachia, basi tukaenda wote. Agosti kwetu ni baridi, manyunyu na matope, na mama alifunga mizigo kama mtu ambaye hajawahi kuona udongo mkavu. Sweta mbili, na miguuni gambuti. Viatu vya shule aliviacha nyumbani visiharibike. "Huko ni porini," aliniambia, "iko nyoka." Kwa hiyo niliingia jangwani nikiwa nimevaa viatu vya mpira vinavyofika magotini, jua likinichemsha nyayo, na watoto wa ile shule wakanifuata uwanja mzima wakicheka. Nilimkasirikia mama siku tatu mfululizo. Nilitembea na fimbo ya kutishia nyoka ambao hawakutokea hata siku moja.

Filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita, na Bwana Mathenge alikuwa na orodha ya majina thelathini na sita. Lakini mama alikuwa na ujanja wake. Aliweka filamu kwenye kamera akiwa amejifunika blanketi, akivuta ule mkanda kidogo iwezekanavyo, na hivyo akaokoa nafasi ya picha moja zaidi. Hiyo ya thelathini na saba haikuwa kwenye orodha ya mtu. Ilikuwa yake, na kwa kawaida alinipiga mimi.

Jioni ya siku ya tatu, kazi ikiwa imeisha, alinishika mkono tukatoka nje ya boma la shule hadi mahali ambapo hakuna kitu isipokuwa mawe, mchanga na miti michache ya miiba. Jua lilikuwa linazama nyuma yetu. Mama alieleza bila haraka, kama anavyoeleza kila kitu, kwamba leo mwezi ni mpevu, utachomoza jua likiondoka, na kuna dakika chache tu ambapo ardhi na mwezi vina mwanga unaokaribiana. Ukiwahi, mwezi unakuwa hafifu. Ukichelewa, nchi yote inakuwa giza. "Nimebaki na moja tu," alisema. "Simama hapo kwa hiyo mawe. Usicheke, usijikune. Ukitingishika nakuacha hapa na ngamia." Mwezi ukatoka upande wa mashariki, mkubwa, wa rangi ya papai, na mchanga ukageuka kuwa wa zambarau. Joto lilikuwa bado linapanda kutoka ardhini. Nilimwona mama akirudi nyuma hatua moja, akatazama, akarudi nyingine mbili. Nilijua anachofanya. Alikuwa anahakikisha hanikati miguu. Kisha akabonyeza.

Picha ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Kabla mama hajaitoa kwenye kamba, Bwana Mathenge aliigonga muhuri, akaikuza na kuiweka kwenye dirisha la studio. Mama aliomba jina lake yeye liandikwe chini, hata kwa kalamu ya risasi. Nilikuwepo. "Kamera ni ya nani?" aliuliza yule mzee. "Filamu ni ya nani? Wewe ulibonyeza tu." Ulibonyeza tu! Hadi leo nikiyakumbuka maneno hayo nakaza taya. Mama aliinamisha kichwa akarudi katika chumba cha giza, kwa sababu mimi nilihitaji kusoma.

Mwaka jana niliingia hoteli moja mjini Nyeri kunywa chai, na ukutani nikajikuta. Ndiyo, mimi, kichwa changu kilichonyolewa, fimbo mkononi, mwezi nyuma yangu. Chini kulikuwa na kibao cha shaba: "Mchungaji Mdogo wa Jangwani," na jina la Mathenge. Mzee alishazikwa lakini muhuri wake bado unachapa kazi. Nilimwita meneja nikamwambia picha hii ilipigwa na Eunice Nyawira, na huyo si mchungaji, ni binti yake. Akatabasamu. "Madam, uko na proof?" Nikamwambia atazame chini, miguuni. "Mchungaji gani wa jangwani anavaa gambuti?" Aliinama, akatazama, akacheka hadi wahudumu wakaja kuona. Akaahidi kwamba watarekebisha. Jioni hiyo nilimpigia mama simu huko Mukurweini. Hakuuliza habari za jina. Aliuliza, "Na miguu inaonekana?" Nikamwambia inaonekana yote. "Basi," akasema, na nikasikia amefurahi.

Nilirudi mwezi uliopita. Wageni watatu walikuwa wakiipiga ile picha kwa simu zao, kila mmoja mara kumi na zaidi, chai ikipoa mezani, na mmoja akiandika jina lake juu yake kabla ya kuituma. Mama yangu alikuwa na nafasi moja, ya wizi, na hakupata hata herufi. Nilisogea karibu. Kibao ni kile kile. Fremu ndiyo mpya, pana, ya mbao nyeusi. Meneja alisema ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa. Labda. Ila hii mpya inanikata chini ya mapaja, na mchungaji wa jangwani sasa hana gambuti.

Jumapili naenda Mukurweini. Najua atauliza.