Kaseti Mpya Yenye Sauti ya Baba

Kuna aibu ambayo mtu anaizoea mpaka inakuwa kama kovu la utotoni, anawaonyesha watu mwenyewe kabla hawajamuuliza, na yangu mimi ni ya siku tuliyozindua kaseti yetu ya pili pale Endasak, siku ya mnada, mbele ya diwani, mbele ya wauza mbuzi, na mbele ya baba yangu mzazi. Nina miaka arobaini na kitu sasa na nimelala miji mingi, lakini nikikutana na mtu wa Hanang wa rika langu kwenye stendi yoyote ya nchi hii, ananiangalia kidogo, anatabasamu, kisha ananiuliza habari za ng'ombe.

Miaka ile Manyara ndiyo kwanza imekuwa mkoa, redio za watu binafsi zimeanza kusikika mpaka kwetu milimani, kaseti zinauzwa kila kona, na kijana aliyemaliza kidato cha nne bila kazi alikuwa ama anakwenda Mererani kuchimba ama ana kundi la muziki. Mimi nilikuwa na kundi. Tulikuwa watatu: mimi mwenye gitaa na sauti, Sulle wa ngoma, na Gabrieli wa kinanda, ambaye kinanda chenyewe alikuwa anakiazima kanisani kwa kusema kinakwenda kutengenezwa.

Tofauti yetu na makundi mengine ilikuwa sura. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani, aliyetufundisha hisabati (tulimwita Mwalimu Kenji), alipoondoka alituachia kaseti moja na gazeti lenye picha za bendi ya kwao, wanaume wote, nyuso wamezipaka nyeupe, macho wameyazungushia wanja, midomo myekundu, nywele zimesimama juu kama zimeona chui. Alisema kwao huo ni mtindo kamili, unaitwa vijuali kei, na muonekano unahesabika sawa na muziki. Basi sisi tukachukua poda ya watoto, wanja na lipstiki ya dada yake Sulle, makoti tukashonewa kwa pazia kuukuu, na nywele tukazisimamisha kwa maji ya sukari, jambo ambalo nzi wa Mbulu walilipokea kwa furaha.

Mwalimu Kenji alitusimulia pia kwamba bendi ile aliipenda sana mpaka ilipotoa albamu ya pili. Aliinunua kwa hamu, akaifungua, akakuta sehemu kubwa ni nyimbo zilezile alizokuwa amezinunua moja moja, na mpya chache zimefichwa mwishoni. Alisema hakukasirika, alihuzunika tu, akairudisha kwenye ganda lake. Sisi tulicheka sana. (Kumbukeni kwamba tulicheka.)

Wimbo uliotutoa unaitwa "Vumbi la Tumati". Tuliurekodi harusini, kwa sababu kwenye harusi kulikuwa na jenereta na spika, na sisi tukaweka redio kaseti yetu mezani karibu na keki, tukabonyeza. Sasa siku hiyo nilikuwa nimeachiwa ng'ombe, na mimi nikawaacha ng'ombe nikaenda kuimba. Baba alitembea kutoka kijijini kwetu Tlawi kunitafuta, akafika katikati ya ubeti wa pili, akasimama mlangoni pa turubai na kupaza sauti, na redio ikameza kila neno: "Yona, ng'ombe wako wameingia kwenye mahindi ya watu, na wewe unaimba?" (Aliyasema kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, nawaandikia kwa Kiswahili.) Nilitoka nikafuata ng'ombe, na Sulle akaendelea kupiga ngoma peke yake mpaka wimbo ukaisha.

Kosa lile ndilo lililotupa jina. Watu waliupenda wimbo, lakini sauti ya yule mzee waliipenda zaidi. Tulipouza kaseti zake kwenye minada ya Dongobesh, Katesh na Endasak, mpaka Wabarbaig wasiojua Kiiraqw walikuwa wanayajua yale maneno kwa moyo. Tukatoa nyimbo nyingine mbili tatu, nazo zikauzwa moja moja, halafu tukazikusanya zote kwenye kaseti ya kwanza, ikaenda vizuri. Mtu mmoja tu hakuwahi kusikia chochote, naye ni baba. Redio ya nyumbani ilikuwa ya habari na matangazo ya vifo, basi, na katika Tlawi nzima hapakuwa na mtu wa kumwendea mzee wa heshima, ampe shikamoo, halafu amwambie kwamba vijana wanaicheza sauti yake. Heshima iliwaziba watu wote midomo, na mimi nikaiona hiyo heshima kama bahati yangu.

Hapo sasa ndipo ilipokuja habari ya kaseti ya pili. Mimi ni mtoto wa mwisho wa kiume, na kwetu huyo ndiye anayebaki na boma la wazazi. Nilikuwa nataka kuhamia Arusha na kundi, na bila baba kuniachia mbele ya ndugu nisingeweza kuondoka na amani. Nilimwomba miezi mingi. Mwishowe akasema atakuja kusikia mwenyewe siku ya uzinduzi, na kama kweli nimetengeneza kitu kipya kwa akili yangu, atamwita kaka yangu mkubwa arudi kushika nafasi yangu nyumbani. Kama hakuna kipya, nibaki nilime. Nilimwambia baba asiwe na wasiwasi, kaseti nzima ni mpya.

Wakati namwambia hivyo nilikuwa na nyimbo mbili.

Mwaka mzima nilikuwa nimezunguka na nyimbo za zamani, leo Haydom, kesho Katesh, kila mahali wanaomba "Vumbi la Tumati", na mtu akiombwa kilekile kila siku anaona hakuna haraka ya kutunga. Tulipofika studio Arusha, fundi alisikiliza zile mbili akauliza kaseti yenyewe ina pande mbili, nyingine ziko wapi. Nikamwambia aweke za zamani, abadilishe majina na kuongeza kinanda kidogo. "Vumbi la Tumati" nikaliita "Penzi Halina Lami". Fundi, mtu mpole sana, akaniuliza kama aifute ile sauti ya mzee anayefoka. Ilikuwa kazi ya dakika chache tu. Nikafikiria kidogo, nikamwambia aiache, watu wanaipenda. Neno hilo moja, aiache, nimelirudia kichwani mwangu kwa miaka mingi kuliko wimbo wowote niliotunga.

Siku ya uzinduzi jua lilikuwa kali. Baba alikuja na basi la asubuhi, amevaa koti lake la kanisani na amebeba fimbo, na kwa kuwa alikuwa mzazi wa msanii akapewa kiti cha plastiki mstari wa mbele, karibu na diwani. Sisi tulikuwa nyuma ya lori tunajipaka. Tulipopanda jukwaani nilimwona anamwinamia diwani na kumuuliza kitu, na baadaye nikaambiwa alikuwa anauliza kati ya wale watatu wake ni yupi.

Wakati ule mtindo ulikuwa pleibeki, kaseti inaimba na wewe unafungua mdomo. MC akatangaza kwamba huu ni mzigo mpya, haujawahi kusikika popote, akabonyeza. Gitaa lilipolia mara mbili tu nikaona midomo ya watu inatembea. Walikuwa wananitangulia. Mama mmoja muuza vitunguu alifika kwenye kiitikio kabla yangu. Nikaendelea kufungua mdomo, poda imeanza kuteremka na jasho, wanja unaniingia machoni, na nikakumbuka, nimechelewa mno, kwamba ubeti wa pili unakuja.

Ulikuja. Sauti ikatoka kwenye spika nne, na mnada mzima, wauza mbuzi, wachoma nyama, wenye pikipiki, wakaitamka pamoja nayo kwamba Yona, ng'ombe wako wameingia kwenye mahindi ya watu.

Baba alisimama.

Alisimama jinsi mkulima yeyote anavyosimama akisikia neno hilo, fimbo mkononi, akageuka kuangalia mashambani upande wa mlima. Akawatafuta ng'ombe. Hakuwaona. Nilimwona anasita, anainamisha kichwa kidogo kuelekea kwenye spika, na hapo, mbele ya macho yangu, akaitambua sauti yake mwenyewe. Watu walioelewa wakaanza kunyamaza mstari kwa mstari, kuanzia mbele kwenda nyuma. Sulle aliacha kupiga ngoma, ngoma ikaendelea kulia kwenye spika, kwa hiyo na hiyo siri ikaisha.

MC alizima kaseti, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akampa mzee kipaza sauti aseme neno. Baba alikishika kama tochi. Alianza na salamu, shikamooni kwa wakubwa wake, wadogo akawauliza hali, akasubiri waitikie wote. Kisha akasema polepole: "Wale ng'ombe niliwatoa. Ni miaka mitatu sasa. Walikula mistari minne ya jirani, nikaomba radhi, yakaisha. Sijui kwa nini leo wameingia tena."

Watu walicheka mpaka diwani akavua miwani. Baba hakucheka wala hakununa, alirudisha kipaza sauti kwa mikono miwili, akaketi. Yule mama wa vitunguu, aliyekuwa amenunua kaseti kabla ya kuanza, alikuja mpaka ukingo wa jukwaa akanirudishia taratibu, akaniambia, "Mwanangu, hii ninayo nyumbani." Wengine wakapanga foleni nyuma yake. Hakuna aliyetukana. Ingekuwa afadhali wangetukana.

Nilinawa uso kwenye ndoo ya muuza maji, poda ikatoka, wanja ukakataa, nikamfuata baba barabarani alikokuwa anasubiri gari. Nikampa shikamoo upya kana kwamba hatujaonana. Akaitikia. Nikamwomba radhi kwa kuitumia sauti yake bila kumwambia, akasema sauti si mbaya, ila angejua angevaa vizuri zaidi siku ile ya harusi. Kisha akaniuliza kama katika kaseti yote hakuna hata kimoja kipya.

"Zipo mbili, baba."

"Mbona hamkuziimba?"

Nikamwambia tuliogopa watu hawazijui. Aliniangalia kwa muda, na macho yangu yenye wanja sijui aliyaonaje, akasema, "Sasa kitu kipya watakijuaje?" Kisha akaniambia niimbe.

Niliimba pale kando ya barabara, bila gitaa wala spika, nyimbo zote mbili mpaka mwisho, huku watu wanaotoka mnadani na mbuzi zao wakitupita. Baba aliegemea fimbo akasikiliza. Nilipomaliza akasema wa kwanza una maneno mengi, wa pili ni mzuri.

"Nilikuambia ukiwa na kitu kipya nitakuachia. Unavyo viwili. Kaa nyumbani mpaka vifike kumi."

Nilikaa. Sulle alikwenda Mererani, Gabrieli alirudisha kinanda, na mimi nilipalilia maharage Tlawi misimu mitatu, jioni natunga. Baba alikuwa akiniuliza baada ya mavuno, zimefika ngapi, namwambia nne, mwaka unaofuata namwambia sita. Mwaka wa tatu nikamwambia saba, na nikaongeza kwamba sioni kama zitafika kumi. Nilijua nikisema kumi hatauliza kuzisikia. Alitia ugoro puani, akasema saba za kweli zinamtosha, akanituma nikapige simu kwa kaka.

Nimezunguka tangu hapo, Arusha, Singida, Dodoma, na muziki ulinishinda kwa namna nyingine ambazo hazichekeshi. Siku hizi nauza nguo za mitumba kwenye minada. Wenzangu wanapanda juu ya meza wanapiga kelele kwamba mzigo ni mpya kabisa. Mimi nawaambia wateja wangu kwamba hizi zimevaliwa, waziangalie vizuri kwapani, na nimejiapia kwamba neno lao lile, mpya, halitanitoka tena mdomoni mpaka nitakapokuwa na kitu cha kuliwekea.