Taa ya Injini na Mzigo wa Mama Mkwe

Leo nimemshusha mama mkwe barabarani, na sasa siwezi kumtazama usoni.

Tulikuwa tunatoka kwake Namswea kuja Mbinga mjini. Buti la gari langu limejaa mahindi, ndizi na kuku wawili. Njiani taa ya injini ikawaka.

Nikasema kama fundi mkuu: "Mama, mzigo wako umelielemea gari."

Mama akashuka, akaanza kupakua mwenyewe.

Ndipo nikakumbuka kile kifaa cha kusoma hitilafu za gari nilichonunua na sijawahi kukitumia. Nikajipenyeza chini ya usukani kutafuta tundu la kukichomeka, kichwa chini, makalio juu. Mbele ya mkwe, jamani!

Kumbe tundu limejificha nyuma ya kifuniko cha fyuzi.

Nikachomeka, kikatuma majibu kwenye simu yangu: taa imewaka kwa sababu mfuniko wa tangi la mafuta haujafungwa vizuri.

Aliyejaza mafuta asubuhi ni mimi.

Mama akauliza taratibu: "Sasa baba, naruhusiwa kurudisha mzigo?"

Mzigo wenyewe ni wa komunio ya kwanza ya binti yangu.

Muda huu mama yuko jikoni kwangu, ananyonyoa kuku. Nani ataniazima mdomo wa kuomba msamaha?